Printa ya nyumbani haili bando, watu waelezwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji, na naomba msinikate sana kwasababu jambo lenyewe lina vipande vingi na ukitoa kimoja kingine hakieleweki. Mimi ni fundi wa kompyuta na printa hapa Moshi, naingia kwenye nyumba za watu Majengo, Pasua, Soweto, Rau, mara nyingine napanda mpaka Kibosho na Uru, na kitu ninachokikuta kila wiki ni watu wenye printa nzima kabisa wameifungia kabatini wakisema imekufa, au wameshapigwa hela na mtu aliyewaambia wanunue rauta mpya, kumbe printa haiumwi popote, amekosekana tu mtu wa kukaa nao nusu saa awaeleze waifai ni nini, IP ni nini, draiva ni nini, kwa lugha wanayoongea nyumbani kwao.

La kwanza, na kama nafasi ni ndogo basi mchape hili peke yake: printa haihitaji bando ili iprinti. Inahitaji waifai au waya tu, na waifai sio intaneti. Hapa ndo penye mzizi wa fitina wote, na nimeona watu wenye elimu kubwa kabisa hawalijui.

Kuna mwalimu wa shule ya msingi anakaa Pasua, anatunga mitihani ya mazoezi ya watoto wa mtaani kwake na kuiprinti nyumbani, na bando lake likiisha alikuwa anaacha kazi mpaka apate hela ya kuweka lingine, wakati mwingine anapeleka flashi mjini na kulipia kila ukurasa huku printa yake imekaa mezani. Nilipofika nikamwambia, mwalimu, chomoa laini kwenye rauta. Akaniangalia kidogo, akachomoa, akaiweka pembeni ya daftari la maksi. Taa ya intaneti ikageuka nyekundu, ya waifai ikabaki kijani. Nikamwambia haya printi sasa. Akabonyeza, printa ikanguruma, ikavuta karatasi, ukatoka mtihani wa hisabati wa darasa la nne, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Ina maana muda wote huu nilikuwa nanunua bando la kuprintia?" Ndiyo mwalimu, na hukuwa peke yako, mtaa mzima unafanya hivyo.

Iko hivi. Rauta inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na watu wanaziona kama moja. Kazi ya kwanza ni kuunganisha vitu vilivyomo ndani ya nyumba, simu, laptopu, printa, TV, vionane na kupeana vitu. Kazi ya pili ni kuvitoa vyote nje kwenda intaneti. Chukulia nyumba yenye uzio: barabara ya nje ikifungwa huwezi kwenda mjini, lakini waliomo ndani ya uzio bado wanapeana chumvi kama kawaida. Ukituma kazi kutoka laptopu kwenda printa ile kazi haitoki getini, inatoka kwenye laptopu inaingia kwenye rauta inaenda kwenye printa, basi, hakuna MB hata moja iliyoliwa.

Bando linahitajika siku ya kwanza unaposhusha draiva na ile apu ya printa, linahitajika printa ikitaka updeti, linahitajika kama faili lenyewe limetumwa WhatsApp au kwenye barua pepe maana lazima kwanza lishuke kwenye simu yako, na linahitajika kama wewe uko Arusha unataka karatasi itoke kwenye printa iliyoko nyumbani Moshi. Zipo pia printa chache ambazo kampuni imezifunga makusudi, kama zile za HP zilizouzwa na mpango wa HP+, utaona herufi ndogo e mwishoni mwa jina la modeli, hizo ukikubali ule mpango unakuwa umekubali ziwe kwenye intaneti na utumie wino wa HP wenyewe, kwaiyo anayenunua ajue mapema. Na kama mtu anakupa maelekezo ya Google Cloud Print mwambie hiyo huduma ilifungwa mwisho wa 2020, asikupotezee muda.

Pia kuna wanaonunua kifurushi cha spidi kubwa wakidhani printa itakimbia. Spidi ya kifurushi inapimwa kwa megabiti kwa sekunde na ni ya kile kinachotoka nje kwenda intaneti. Spidi ya printa inapimwa kwa kurasa kwa dakika na imeandikwa kwenye boksi, ni ya mashine yenyewe, huwezi kuiongeza kwa vocha.

Sasa tuje kwenye hotispoti, kwasababu familia nyingi huku hazina rauta, zina simu ya baba. Hotispoti ni simu inayofanya kazi ya rauta, na inafanya vizuri tu, shida yake ni kwamba inatembea. Baba akienda kazini mtandao wa nyumbani umeondoka naye mfukoni, printa inabaki inawasha taa inatafuta jina isilolipata, mama anaizima anaiwasha anaizima anaiwasha, mwishoni anasema imegoma. Haijagoma, mwenye mtandao hayupo. Alafu anarudi jioni na simu mpya, jina la hotispoti ni jipya, paswedi ni mpya, hapo printa ndo haitaki kabisa na wanaanza kuita fundi.

Dawa ya hapo haina gharama na naiandika waziwazi ingawa mimi ni mtu ninayelipwa kwa kazi hiyo. Printa inakumbuka vitu viwili, jina la mtandao na paswedi yake. Lile jina ndo mafundi tunaliita SSID, ni lile unaloliona ukifungua orodha ya waifai kwenye simu. Ukinunua simu mpya au rauta mpya, nenda kwenye setingi zake uiandike ile SSID ya zamani vilevile na paswedi ya zamani vilevile, herufi kubwa ziwe kubwa na ndogo ziwe ndogo, nafasi kama ilikuwepo iwepo, maana Mama Neema na mama neema kwa printa ni mitandao miwili tofauti. Ukishafanya hivyo, na aina ya ulinzi ikawa ileile, printa inaingia yenyewe, laptopu inaingia yenyewe, TV inaingia yenyewe, hujagusa kitu kingine.

Kuna swali naulizwa kila mahali, kwanini simu inaiona waifai alafu printa haiioni, wakati vyote viko meza moja? Jibu mara nyingi ni bendi. Waifai za majumbani zinatumia zaidi mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 5 ina spidi lakini ukuta unaisumbua na haiendi mbali, ile ya 2.4 ni ya polepole kidogo lakini inapenya tofali na kufika chumba cha mwisho. Printa nyingi za nyumbani zinaelewa 2.4 peke yake. Angalia kwenye boksi, utakuta namba 802.11 alafu herufi. Ikiandikwa b/g/n bila kitu kingine chukulia ni ya 2.4 tu, ikiwa na a au ac ndani yake basi na 5 inaijua. Kwaiyo kama hotispoti ya simu imewekwa kwenye 5, printa haitaiona hata ukiilalia simu juu yake, ingia kwenye setingi za hotispoti uirudishe 2.4. Wenye iPhone kuanzia 12 kwenda mbele wana swichi ya upatanifu ndani ya ukurasa wa hotispoti, wakiiwasha inarudi 2.4. Na msiogope printa ikiwa kwenye 2.4 na laptopu ikiwa kwenye 5, rauta ikiwa moja vinaonana bila shida yoyote.

Isipokuwa kama kimoja kimeunganishwa kwenye waifai ya wageni. Hiyo imetengenezwa makusudi vitu visionane, mgeni apate intaneti asiguse vya ndani. Printa ukiiweka huko itakuwa na mtandao na taa itakuwa kijani na hakuna atakayeiona, nimekuta nyumba yenye hosteli ya wanafunzi wamehangaika na hilo muhula mzima.

Jambo la mahali pa kuweka vyombo ni kubwa hasa huku mlimani. Rauta za laini watu wanaziweka dirishani kwasababu ndo panashika mnara vizuri, sawa, lakini vile vistari kwenye kioo cha rauta vinaonyesha mawasiliano ya rauta na mnara, havihusiani na mawasiliano ya rauta na printa. Unakuta vistari vimejaa, printa iko chumba cha tatu nyuma ya kuta mbili za tofali na friji katikati, waifai inafika imechoka, karatasi inatoka nusu inasimama. Chuma na maji ni adui wa waifai, kwaiyo usiweke printa nyuma ya kabati la chuma wala pembeni ya simtanki, na maikrowevu nayo inatumia mawimbi ya jirani kabisa na hiyo 2.4 ndo maana ikiwashwa waifai inayumba. Ikishindikana kabisa vuta waya. Waya wa USB, ule wenye kichwa cha mraba upande wa printa, usizidishe mita 5. Waya wa mtandao unaoingia kwenye rauta unaenda mpaka mita 100, kama printa yako ina tundu lake.

Ulinzi nautaja kwa kifupi. Kwenye setingi za rauta utaona WEP, WPA, WPA2, WPA3, hizo ni aina za kuifunga waifai kwa paswedi. WEP ilishavunjwa tangu 2001, mtu akiiacha ni kama hajafunga. WPA2 ni ya 2004 na karibu kila printa inaielewa, WPA3 ni ya 2018 na printa nyingi za zamani haziijui, kwaiyo rauta mpya ikija imewekwa WPA3 peke yake printa ya zamani itakataa paswedi hata kama umeandika sahihi, weka ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 na itaingia. Kile kibatani cha WPS nyuma ya rauta kinasaidia printa zisizo na skrini: unakibonyeza, alafu ndani ya dakika 2 unabonyeza cha kwenye printa, vinaunganika bila kuandika paswedi. Lakini ile njia nyingine ya WPS ya kutumia PIN ya tarakimu 8 izimeni, udhaifu wake ulitangazwa 2011 na mtu mwenye kompyuta na subira anaweza kuipata.

Hili linalofuata ndo linalowaliza watu kuliko yote hapa kwetu, kompyuta kusema printa iko oflaini, yaani haipatikani, wakati inawaka na iko mbele yako.

Mzee mmoja mstaafu wa Kibosho, anaandika historia ya ukoo wao na anaprinti kidogokidogo, aliniita akasema, mwanangu hii kitu asubuhi inafanya kazi, umeme ukikatika ukirudi inasema oflaini, wameshakuja wawili, mmoja ameweka draiva upya akachukua hela yake, baada ya umeme kukatika tena imerudi palepale. Nikamwambia shikamoo baba, ngoja tuione yenyewe inasemaje. Printa nyingi zina namna ya kutoa karatasi ya taarifa za mtandao, unashikilia batani ya waifai au yenye alama ya i, kitabu cha modeli yako kitakuonyesha. Ikatoka. Kwenye ile karatasi anwani ya IP imeandikwa 192.168.8.104. Nikafungua kwenye kompyuta yake sehemu ya printa, kwenye poti, yaani pale panapoonyesha kompyuta inatuma kazi wapi, pameandikwa 192.168.8.101. Nikaziweka pamoja nikamwonyesha, baba, kompyuta inatuma kwenye 101 na printa yako iko 104, hiyo 101 sasa hivi labda imepewa simu ya mjukuu wako.

Anwani ya IP ni namba nne zenye nukta katikati, kila moja kati ya 0 na 255, na kila kilichounganishwa kwenye waifai yako kinapewa ya kwake. Anayegawa ni rauta, na ule utaratibu wa kugawa unaitwa DHCP. Zile za ndani ya nyumba mara nyingi zinaanza na 192.168, na nyingine 10, na haziwezi kukujulisha kwa mtu wa nje, zinafahamika humohumo ndani. Tatizo ni kwamba rauta haitoi zawadi, inaazimisha. Umeme ukikatika rauta inazimika, nyingi za bei nafuu zikiwaka hazikumbuki nani alikuwa na namba gani, zinagawa upya kwa anayewahi, na simu ambayo ina betri haikuzimika inawahi kabla ya printa. Kompyuta nayo imekariri ile namba ya kwanza, inagonga kwa mtu mwingine, haijibiwi, inaandika oflaini. Kwaiyo kuweka draiva upya kunaponya siku ileile tu kwasababu wakati wa kuweka inatafuta namba mpya, umeme ukikatika umerudi ulipotoka. Yule fundi hakuwa mwizi labda, lakini hakumaliza kazi.

Kumaliza kazi ni hivi. Printa ina namba nyingine isiyobadilika, MAC, herufi na namba 12 zimepangwa mbilimbili, iko kwenye karatasi ileile na mara nyingi imebandikwa nyuma. Unafungua kivinjari, unaandika anwani ya rauta yenyewe, imeandikwa kwenye stika ya chini, zilizozoeleka ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1 au 192.168.0.1, unaingia kwenye sehemu ya DHCP unaifunga ile MAC na IP moja. Tangu hapo umeme ukatike mara ngapi, namba hiyo ni ya printa, hapewi mwingine. Alafu kwenye kompyuta unarekebisha poti iwe namba hiyo. Tulichomoa rauta ya yule mzee ukutani palepale, tukaichomeka, tukasubiri taa zitulie, akatuma ukurasa wenye majina ya babu zake ukatoka. Hakuna kilichonunuliwa.

Ukiona kwenye karatasi ya printa namba inaanza na 169.254 ujue printa haikupewa kitu na rauta, imejipa yenyewe, yaani haijaungana vizuri, rudi kwenye jina na paswedi. Na kitu ambacho watu wengi wanafurahi wakikiona: ile IP ya printa ukiiandika kwenye kivinjari cha simu au laptopu, inafunguka kurasa ya printa yenyewe, unaona wino umebaki kiasi gani na setingi zake zote, bila bando.

Draiva, nisiirefushe, ni programu inayoifanya kompyuta ielewe printa ya modeli fulani. Lazima iendane na modeli na iendane na Windows yako, na ishushwe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, sio kwenye tovuti za pembeni zenye batani kubwa za kushusha zinazokuletea virusi. Ile sidii inayokuja ndani ya boksi achana nayo, laptopu za siku hizi hazina hata pa kuiweka. Kwenye simu mara nyingi hakuna cha draiva: iPhone zina AirPrint, huduma yao ya kuprinti bila draiva, tangu 2010, na Android kuanzia toleo la 8 zinakuja na huduma ya kuprinti ndani yake, mradi simu na printa viko waifai moja na printa yenyewe inaiunga mkono huduma hiyo.

Kuna na foleni ya kuprinti. Kazi ukiituma haiendi moja kwa moja, inapanga foleni kwenye kompyuta kwanza. Ya mbele ikikwama, labda karatasi ziliisha au uliizima printa katikati, zote za nyuma zinasubiri. Mtu anaona haitoki anabonyeza printi tena na tena, alafu siku ikifunguka zinatoka nakala kumi za barua moja na wino umeenda. Kabla ya kubonyeza mara ya pili fungua foleni uangalie, ifute iliyokwama.

Na kwa ambaye hana rauta wala hataki hotispoti, angalia kama printa yako ina Wi-Fi Direct. Hapo printa yenyewe inatoa mtandao wake mdogo, utauona kwenye simu jina lake linaanza na DIRECT, paswedi iko kwenye skrini ya printa au kwenye karatasi ya taarifa, unaunganisha simu, unaprinti, unamaliza. Ukiwa humo simu inaweza kukosa intaneti ya waifai, hiyo ni kawaida, ukitoka inarudi.

Mhariri, ninachowaomba ni viwili. Nyie mna ukurasa wa teknolojia, na mara nyingi naona humo habari za simu mpya za mamilioni na roketi za Marekani, habari nzuri, lakini mwalimu wa Pasua ana printa ya tanki la wino aliyoinunua kwa kudunduliza na hakuna gazeti lililomweleza IP ni nini. Tengeni kona ndogo, hata safu moja, neno moja kila wiki na mfano wake.

Cha pili kiwafikie wauza printa wa Moshi na Arusha. Muelezeni mteja kabla hajatoa hela. Epson L3210 na Epson L3250 kwa macho zinafanana sana, lakini 3210 ni ya waya wa USB tu na 3250 ina waifai. Canon nazo hivyohivyo, G2020 ni ya waya, G3020 ina waifai. Nimeingia nyumba ya dada mmoja Soweto anayefanya kazi za kampuni ya utalii akiwa nyumbani, anaprinti vocha za wageni na ratiba za safari, aliambiwa dukani hii na ile ni kitu kimoja, hii imepungua bei tu, akachukua ya bei ndogo, na ananiuliza kwanini simu haiioni. Haiwezi kuiona hata iweje, haina waifai ndani. Huko ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, na mimi fundi siwezi kuweka kifaa cha waifai ambacho kiwandani hakikuwekwa. Muuzaji afungue boksi, aiwashe, aiunganishe na simu ya mteja palepale kaunta, itoe ukurasa mmoja mteja akiwa anaangalia, na amwandikie kwenye risiti modeli kamili. Haichukui dakika nyingi na dada yule asingelazimika kununua waya mrefu na kufanya kazi amekaa chumba kisicho na dirisha.

Nimalizie na wanaouza au kugawa printa za zamani, maana siku hizi ziko nyingi kwenye magrupu ya mnada. Printa inabaki na jina la waifai yako na paswedi yake ndani, na zile za kuskani zinaweza kubaki na barua pepe ulizokuwa unatuma. Kabla haijatoka nyumbani ingia kwenye setingi uiriseti ya kiwandani, sio kuizima tu, alafu itoe ile karatasi ya taarifa uhakikishe nafasi ya SSID haina jina la mtandao wako. Na anayenunua naye aombe karatasi hiyohiyo, ataona humo kama printa ina waifai kweli.

Msomaji wenu,
Fundi wa printa, Majengo, Moshi